Nilivyotupa lile kaunta buku

Tuko wanne tunaocheza pamoja PUBG Mobile, lile gemu la simu la kupigana risasi. Usiku niliposoma kwa mbwembwe kwenye simu ya pamoja orodha niliyoipanga ya nani bora na nani wa mwisho, dereva wetu wa bajaji alikata kabla sijamaliza. Dada wa saluni akafuata. Dogo wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) peke yake ndiye aliyebaki, kumbe bando lake lilikuwa limeisha zamani na hakusikia kitu.

Wazo nilipewa na jamaa mmoja anayejiita mkongwe wa PUBG Mobile, huwa tunakaa naye Nyerere Square, hapa Dodoma, jioni. "Wachezaji wanabadilika wakiona namba. Wapange, wa kwanza mpaka wa mwisho." Nikanunua kaunta buku, sijui elfu mbili, sijui tatu, na wiki nzima nikawa naandika nani kaua wangapi, kafa mara ngapi, nagawanya kwa kikokotoo kama karani wa hazina. Raha niliyoisikia! Halafu nikamsomea mtu mzima, aliyeshinda juani akipakia abiria Nkuhungu, kwamba yeye ni wa mwisho. Sasa hiyo namba angeifanyia nini kesho yake? Na haikuwa hata ya kweli. Ukitazama damegi, yaani madhara mtu aliyowapa maadui, kwenye ukurasa wa matokeo, mara nyingi alinizidi: yeye anawatoboa watu, mimi natokea nyuma kuwaangusha, sifa nachukua mimi.

Kuwarudisha kundini kulihitaji kuku wa pale mgahawani Chako ni Chako. Hela iliyotoka tuiache.

Kilichonisaidia ni kurekodi skrini ya simu yangu. Ilibidi nifute video za harusi ya binamu ili nafasi ipatikane, asije akasoma hapa. Tukimaliza gemu nakata vipande vifupi: zile sekunde 20 kabla ya mtu kuanguka. Kuanguka kwenyewe hakufundishi kitu, pale kila mtu anajua amekufa.

Kipande cha kwanza kilikuwa cha darajani, lile la kwenda kisiwa cha kambi ya jeshi, kwenye ramani ya gemu inayoitwa Erangel. Dereva aliangushwa katikati ya daraja, na sauti yangu inasikika vizuri kabisa: "Kaka, unakimbilia nini? Kila siku wewe!" Niliweka kipande hicho nikijua nimemshika. Dada wa saluni akasema, "Hebu simamisha hapo. Wewe uko wapi?" Tukaangalia ramani ndogo ya kona ya juu. Vile vimraba vyake, kila kimoja ni mita 100. Nilikuwa vimraba vitatu nyuma, nafukuzia kreti ya silaha iliyodondoshwa na ndege. Daraja zima kaka wa watu yuko peke yake, na kelele napiga mimi! Walicheka mpaka dogo akadondosha simu.

Tangu hapo kipande cha kwanza huwa cha makosa yangu, na watu hawajihami tena. Nikimwambia mtu jambo ni moja tu kwa usiku, tena la kufanyika. "Cheza kwa akili" nimeipiga marufuku. Nasema, "Ukisikia nimerusha moshi, subiri nifike ukutani ndipo uvuke." Lenye kuuma namwambia faragha, kwa sauti ya WhatsApp, asubuhi akishakunywa chai. Pingi ikipanda, yaani mtandao ukichelewa, mtu anapiga risasi hewani, huyo humkosoi, unamwambia asogee dirishani au azime simu aiwashe. Na ukimsifu, msifu kwa kitu alichofanya: dada wa saluni alimfufua dogo nyuma ya jiwe huku anapigwa, nikakirudia kipande hicho mara tatu.

Kati ya wale watu 100 wanaoshuka kwa parachuti gemu likianza, sasa kumi bora tunaingia mara nyingi. Ushindi wenyewe bado tunausikia kwa majirani.

Juzi nimetoka kazini hoi, nakuta dogo naye ameanza kurekodi. Kanitumia kipande kimoja na maneno machache: "Kaka shikamoo. Sekunde ya 12, ulikuwa wapi?"

Sijamjibu bado.