Tundu linalolala

Jumamosi, saa nne usiku. Nimetoka karakana Keko muda si mrefu, mikono bado inanukia mninga, nimeona niandike kabla sijalala maana leo nina furaha kweli.

Kuna mama wa Tabata kaagiza viti sita vya mezani. Kikalio mbele sentimita 46, nyuma 40, kwenda nyuma 40. Yani kila ubavu, ile mbao ya pembeni ya kikalio, unaachia sentimita 3 ndani ya 40, kama digrii nne na ushee hivi, jicho halioni ila kiungo kinaona. Miaka yote nilikua natoboa tundu la mguu limenyooka halafu ulimi, ile ncha ya ubavu inayoingia humo, ndo naupindisha, na ulimi ukiupinda unakua umekata nyuzi za mbao, mtu akiegemea nyuma kila siku kuna siku unakatika palepale kwenye bega, pale ulimi unapoanzia. Safari hii nikasema ulimi ubaki umenyooka na mbao yake, tundu ndo lilale.

Sasa meza ya mashine yangu ya tundu hailali, na protrakta niliyonayo mistari yake minene, nusu digrii inapotelea humo humo. Nikaachana na digrii kabisa. Nikachora kiti kwa ukubwa wake kwenye plaiwudi, halafu nikachukua kipande cha mkongo upana sentimita 8 nikakipiga randa mpaka upande mmoja ukazidi mwingine milimita 6. Hesabu ileile, 3 kwa 40 ni 6 kwa 80. Upande wa chini nikagundisha kizuizi ili mguu usiteleze, mguu unalala juu ya hicho kitanda na patasi inashuka wima kama kawaida.

Patasi yenyewe, ya mraba yenye uwazi ndani ambamo biti ya kutobolea inazunguka, ndo iliyonikalisha muda mrefu. Unaweka sarafu ya mia kati ya bega la patasi na kichwa cha mashine, unaikaza kidogo, biti unaisukuma juu mpaka mwisho unaifunga, kisha unatoa sarafu na patasi nayo inapanda. Biti inabaki imechungulia kwa unene wa ile sarafu, maranda yanapata pa kutokea. Bila nafasi hiyo vyuma vinasagana, moshi unaanza, patasi inageuka bluu na ukali ndo umeshaenda. Halafu uso wake lazima ulingane na fensi, ule ukingo wa mashine unaoegemewa na mbao, nimepima kwa guni, kipimo cha pembe mraba, mara tatu, ikijipinda hata kidogo kuta za tundu zinatoka ngazi ngazi.

Nikaharibu mguu mmoja lakini, na mninga ulivyo bei imeniuma sana. Miguu ya nyuma ni pacha wa kutazamana, wa kulia kichwa kielekee kushoto kwenye mashine, wa kushoto kielekee kulia, kitanda hukigusi. Mimi nikalaza yote kichwa upande mmoja nikapata kulia mbili. Saivi kila mguu una mshale wa chaki na herufi.

Mabega ya ulimi nimeyakata kwa mteremko uleule, kipimo nimekitoa kwenye mchoro. Jioni nikajaribu kavu bila gundi, ulimi ukaingia kwa kusukuma na kiganja tu, bega likafunga pande zote hata karatasi haipiti. Nikauweka juu ya plaiwudi, ubavu ukalala kwenye mstari wa penseli kuanzia nyuma hadi mbele, nikaita kijana wangu aje aone, tukasimama pale tunauangalia mpaka umeme ukakatika.

Jumatatu natafuta mbao ya ule mguu.