Mjusi Akilala Majira ya Baridi

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea mchana wenye urefu uleule mwaka mzima, ndiyo maana mjusi anayegoma kula Novemba hututia hofu. Wangu ninayemfuga ni yule mwenye ndevu za miiba kooni, kwa Kiingereza "bearded dragon", asili yake nyika kame za Australia. Mchana ukifupika na joto likishuka, hujichimbia kwenye pembe yenye ubaridi na kulala wiki kadhaa, pengine hata miezi 3. Haumwi. Ndivyo alivyoumbwa.

Kazi kubwa iko kabla hajalala. Kinyesi chake kipimwe na daktari wa wanyama, maana mwenye minyoo hudhoofika taratibu huku wewe ukidhani amepumzika. Tena asilale na chakula tumboni. Mjusi humeng'enya kwa joto la nje, na likikosekana chakula huozea ndani. Akianza kukataa kula, simpi chochote wiki 1 hadi 2, lakini taa zinaendelea kuwaka, pale anapoota pakiwa na nyuzi 40 hivi za Selsiasi, mpaka apate choo. Hapo ndipo naanza kupunguza saa za taa kidogo kidogo.

Akishalala, nategemea mizani ya jikoni. Kila wiki namnyanyua polepole, macho kayafumba, tumbo la baridi limelala kiganjani, namweka kwenye bakuli na kuandika gramu zake. Aliyelala salama hapungui sana. Kama alilala na gramu 400, akifika 360 namwashia taa na kumpeleka kwa daktari. Macho yakibonyea, akihema mdomo wazi, akitoka ute puani au akiharisha, usingoje hata mizani.

Maji yawe karibu, na akizinduka nampa matone mdomoni kwa nje, ayalambe mwenyewe. Kumlisha kwa nguvu, hapana.

Wasiofikisha mwaka mmoja siwaachi walale, akiba yao ya mafuta ni ndogo mno. Na kinyonga wa tropiki hana usingizi huu kabisa: akizubaa na kususa chakula, anaumwa au mazingira yake yana kasoro.

Akiamka, aanze na maji na joto la kutosha, kisha chakula kidogo. Taa ya UVB, ile inayotoa miale ya urujuanimno kama ya jua, ikipita mwaka ibadilishwe, kwani huendelea kuwaka ilhali miale yake imeisha nguvu. Jua la dirishani haliwezi kuziba pengo hilo. Kioo huizuia miale hiyo.