Siku moja gereji: pikapu iliyogongwa inapogeuzwa gari la porini

Saa 1:00 asubuhi

Gari ni Hilux ya milango minne, toleo lililotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2015, dizeli ya lita 3.0. Iligongwa kona ya mbele kushoto. Bampa, boneti, madigadi, rejeta na taa vimeshatolewa, bodi ya mizigo imeshushwa pembeni, na injini na kebini vimebaki juu ya chesisi. Leo ni zamu ya chesisi na springi.

Orodha ya mwenye gari imejaa winchi (mashine ya kujivuta kwa kebo), snokeli (bomba la kuingizia injini hewa kutoka juu) na taa za juu. Vyote vinasubiri. Chesisi iliyopinda haifichwi na tairi kubwa. Gari litavuta upande mmoja na kula tairi, na kilo 80 za bampa ya chuma na winchi zitaning'inia kwenye ncha ambayo tayari ni dhaifu.

Tunaanza na vipimo. Stendi nne zinakaa chini ya chesisi yenyewe, siyo chini ya ekseli, na pima maji inapitishwa kulia kushoto, mbele nyuma, mpaka sehemu ya chini ya kebini ilale sawasawa. Chesisi ina matundu ya kiwandani yanayolingana pande zote mbili. Kwenye kila jozi tunashusha timazi na kutia alama ya chaki sakafuni ncha inapotulia. Kisha tunapima pembe kwa pembe, kushoto mbele hadi kulia nyuma, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita 3, kuna kazi. Mwisho tunatafuta katikati ya kila jozi na kupitisha uzi. Nukta zote za katikati zinapaswa kulala juu ya uzi mmoja, na panapoachana na uzi ndipo chesisi ilipoanzia kupinda.

Saa 2:00

Majibu: chini ya kebini tofauti ni mm 2 tu. Hiyo ni habari njema, maana upande mmoja wa chesisi ukishateleza nyuma ya mwenzake ni nafuu kutafuta chesisi nyingine. Mbele hali ni tofauti. Ncha ya kushoto imesogea kulia mm 18 na kurudi nyuma mm 7.

Sasa ni macho na vidole. Chuma kilichojikunja kwa tao pana, kisicho na kona, kinanyooshwa. Chuma chenye mkunjo mkali, ambapo rangi imepasuka kwenye mstari mwembamba, hakinyooshwi. Kinakatwa na kuwekwa kipande kipya pale mtengenezaji aliporuhusu kuunga. Hiki chetu ni tao. Tatizo lingine tumelikuta baada ya kusugua kwa brashi ya waya: ufa wa mm 40 kwenye mkia wa weldi, pale mabano ya amu ya chini (mkono unaoshika gurudumu la mbele) yanapokutana na chesisi. Pakiwa na matope, ufa huo hauonekani kabisa. Ndiyo maana chesisi inaoshwa na kusuguliwa mpaka chuma cheupe kabla mtu hajatoa hukumu.

Saa 2:30

Kuvuta. Chesisi inafungwa sehemu nne kwenye reli za sakafuni, minyororo miwili chini ya kebini kila upande, ili nguvu iishie kwenye ncha badala ya kupotosha gari zima. Jeki ya haidroliki ya tani 10 inavuta kinyume cha njia ya ajali, na pigo lililoingia mwisho ndilo linalotolewa kwanza. Hapa ncha ilirudi nyuma kwanza ndipo ikalala upande, kwa hiyo tunaanza na upande.

Chuma kina tabia ya kurudi. Ukitaka mm 18 na ukavuta mm 18, ukilegeza utabaki na 10 au 11. Unavuta kupita kipimo, unashikilia, unagonga kwa nyundo kuzunguka tao ili chuma kilegee, ndipo unalegeza na kupima upya. Vuta kidogo kidogo. Anayevuta mkupuo mmoja huhamisha kombo kutoka mbele na kulipeleka kwenye krosimemba, chuma cha kukingama kinachounganisha pande mbili za chesisi.

Kuna kishawishi cha kuwasha gesi na kupasha moto pale pagumu. Hapana. Chesisi za siku hizi ni chuma cha nguvu ya juu, na moto unaondoa ile nguvu yenyewe. Sehemu itanyooka vizuri sana leo, na itapinda palepale gari likishuka korongo la kwanza likiwa na mzigo.

Wakati wa kuvuta hakuna anayesimama kwenye mstari wa mnyororo, na juu ya mnyororo tunalaza blanketi zito. Ndoano ikichomoka chini ya tani kadhaa, hakuna anayewahi kukwepa.

Mara ya mwisho kupima: mm 2 upande, mm 1 nyuma. Tunaacha hapo.

Saa 5:00

Kabla ya kulehemu, nyaya zote mbili za betri zinatolewa na tunasubiri angalau sekunde 90, kwa sababu mfumo wa mifuko ya hewa huhifadhi umeme. Soketi za kompyuta ya injini na altaneta zinachomolewa. Waya wa athi wa mashine unabanwa sentimita chache kutoka kwenye weldi, juu ya chuma kitupu. Ukiubana mbali, umeme utatafuta njia yake, na njia hiyo inaweza kuwa beringi. Paipu za breki na za mafuta zilizo karibu zinasogezwa, kizimamoto kinawekwa mkononi. Dawa ya kusafishia breki haisogelei hapa: zile zenye klorini zikipata joto la weldi hutoa gesi ya fosjini, na hiyo inaua.

Ufa unatobolewa kila mwisho kwa keekee ya mm 4 ili usiendelee kutembea, kisha unachimbwa kwa grinda umbo la V mpaka karibu na upande wa pili. Ukijaza weldi juu ya ufa usiochimbwa umefunika kidonda tu. Kwa chuma cha mm 3 tunatumia waya wa mm 0.8, ampea kati ya 120 na 140, gesi ya mchanganyiko lita 12 hadi 15 kwa dakika. Feni inazimwa na mlango wa upande wa upepo unafungwa, maana upepo ukipeperusha gesi weldi hutoka na matundu kama sponji.

Juu ya ufa inakaa sahani ya kuimarisha. Watu hupenda sahani nene, lakini mm 6 juu ya chesisi ya mm 3 hutengeneza mpaka mgumu, na chesisi hukatika pembeni ya sahani. Tunaweka mm 3 kwa mm 3. Ncha zinachongwa zichongoke pande zote mbili, ili pasiwe na mstari wa weldi unaokata chesisi wima, na kingo za juu na chini za chesisi haziguswi. Weldi inawekwa vipande vya mm 30, huku kimoja, upande wa pili kimoja, joto lisije likavuta kile tulichonyoosha asubuhi. Inapoa yenyewe, maji hayamwagwi. Baadaye praima ya zinki, na nta inapulizwa ndani ya chesisi kupitia matundu.

Ncha za mbele kabisa, zile zenye makunyanzi ya kiwandani, haziwekewi sahani. Zimetengenezwa zijikunje, na sensa za mifuko ya hewa zinategemea kasi ya kujikunja huko. Kwa sababu hiyohiyo bampa ya chuma inachaguliwa ile iliyoundwa kwa ajili ya gari hili, siyo mabomba yaliyolehemewa moja kwa moja kwenye chesisi.

Saa 7:00 mchana

Chakula, na praima inakauka.

Saa 7:30

Sasipensheni ya mbele. Tunainua mm 50 na hatuzidishi. Mbele kuna amu na sivi jointi, yaani viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu, na ukipita hapo sivi jointi zinafanya kazi kwa pembe kali, mipira yake inapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia. Kuna wanaoweka spesa, kipande cha kuongeza kimo, juu ya shokapu. Wajue kwamba shokapu imeshika karibu katikati ya amu, hivyo spesa ya mm 25 huinua gari karibu mara mbili ya hapo, na wengi huishia juu kuliko walivyokusudia. Sisi tunaweka springi ndefu na shokapu ya urefu wake.

Springi inachaguliwa kwa uzito unaokaa kwenye gari kila siku, siyo ule wa safari moja kwa mwaka. Springi ya mzigo mzito kwenye gari tupu hurukaruka, na tairi iliyo hewani haivuti chochote. Kazi ya kuibana springi hufanywa kwenye presi, siyo kwa vibanio viwili vya mkono sakafuni.

Amu za juu ni mpya, zenye kurudisha kasta, yaani ule mlalo unaofanya usukani ujirudi wenyewe baada ya kona. Gari likiinuliwa kasta hupungua, na amu za zamani mara nyingi hazina nafasi ya kuirudisha yote. Boliti zote za bushi (mipira ya kwenye maungio ya amu) zinaingizwa na kukazwa kwa mkono tu. Kwa sasa.

Saa 9:15 alasiri

Nyuma. Springi za majani mpya, sheko mpya (viungo vinavyoshika ncha ya springi kwenye chesisi), yubolti mpya (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli). Yubolti hunyooka zinapokazwa, kwa hiyo hazirudishwi. Ekseli ikishushwa, kidole kinahakikisha kichwa cha senta bolti, ile inayoshika majani ya springi pamoja, kimeingia kwenye tundu lake. Kikilalia ukingo, yubolti zitaonekana zimekaza, lakini siku boliti ikikatika ekseli itahama na gari litatembea kimbavumbavu. Tunakaza kwa msalaba, kidogo kidogo, mpaka kipimo cha kitabu.

Kuna kitu kidogo hapa ambacho mafundi wengi hukiruka. Kwenye magari mengi ya aina hii fimbo nyembamba inaunganisha ekseli na valvu ya breki iliyofungwa kwenye chesisi. Valvu hiyo inasoma mzigo: chesisi ikishuka karibu na ekseli, inajua gari limebeba, inaruhusu breki za nyuma kushika zaidi. Ukiinua gari mm 50 na kuiacha fimbo ilivyo, valvu inaamini gari ni tupu siku zote. Dereva atalalamika breki zimekuwa laini akiwa na mzigo, na fundi atabadilisha pedi bila mafanikio. Dawa ni bano linaloinua upande wa ekseli wa fimbo kwa kimo kilekile, kisha shinikizo linapimwa kwa geji.

Halafu pembe ya propela, shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, yaani gia za katikati ya ekseli. Uso wa flenji ya giaboksi na ule wa difu vinapaswa kuwa sambamba. Sheko ndefu huzungusha difu, na matokeo yake ni mtetemo kwenye mwendo. Kipimo kimetoa tofauti ya digrii 2, kwa hiyo kabari za digrii 2 zinaingia kati ya springi na ekseli. Ekseli inashushwa mpaka mwisho na tunaangalia paipu za breki, waya wa ABS na kebo ya breki ya mkono. Paipu moja imenyooka kama uzi wa gitaa. Inabadilishwa kwa ndefu zaidi.

Saa 10:45

Pumzi za difu, yaani matundu yake ya kupitishia hewa. Difu iliyopata moto ikiingia kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili, na oili hugeuka rangi ya maziwa. Mpira mmoja kwa kila difu na kwa giaboksi unapandishwa mpaka juu kwenye chumba cha injini, ukiwa na ulegevu wa kutosha ekseli ikishuka. Ni kazi ya nusu saa, na ina faida kuliko snokeli kwa mtu anayevuka mito midogo.

Saa 11:30 jioni

Magurudumu yanaingia: 265/75R16, kipenyo karibu mm 804 dhidi ya mm 777 za 265/70R16 zilizotoka. Difu imepanda mm 13 tu. Zile mm 50 za springi zimeinua chesisi na kebini. Difu ya nyuma inainuliwa na tairi peke yake, na ndiyo inayogonga jiwe. Spidi mita ikisema 100, gari linakwenda karibu 103.

Gari linashushwa chini, linasukumwa mbele na nyuma, linatikiswa mpaka springi zitulie. Sasa ndipo boliti za bushi zinakazwa kwa spana ya toki, uzito ukiwa juu ya magurudumu. Mpira wa bushi umeshikamana na bomba lake la ndani. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira unabaki umesokotwa muda wote gari linapotembea, unachanika mapema, na gari linakaa juu kuliko inavyopaswa.

Madigadi yanaegeshwa mahali pake kwa muda, na usukani unazungushwa mpaka mwisho pande zote. Tairi ya kushoto inagusa plastiki ya ndani ya madigadi. Tunakata plastiki, chuma hakiguswi.

Saa 12:45 jioni

Breki zinatolewa hewa, kuanzia gurudumu la mbali zaidi na silinda kuu. Uelekeo wa magurudumu ya mbele umewekwa kwa uzi, kiasi cha kulipeleka gari polepole kwenye mashine ya alaimenti kesho. Ndoano za kuvutia zinafungwa kwa boliti za daraja la nguvu la 10.9 kwenye chesisi, na zile pete nyembamba za kufungia gari melini zinaondolewa kabisa, asije mtu akazivuta na zikaruka. Kwenye kioo cha mbele imebandikwa karatasi: yubolti na nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 500, taa za mbele zishushwe, valvu ya breki ipimwe upya bampa na winchi vikishafungwa.