Misawa na Kobashi vs Kawada na Taue, Juni 1995: mechi ya tagi niliyoirudia mpaka basi

Wale mnaojua mieleka ya Wamarekani tu naombeni dakika arobaini na tatu zenu. Mechi ni ya tagi, yaani wawili kwa wawili wanaopokezana ulingoni, ya tarehe 9 Juni 1995, ukumbi wa Nippon Budokan pale Tokyo, kampuni ya mieleka ni All Japan ya mzee Giant Baba aliyeianzisha, Mitsuharu Misawa na Kenta Kobashi wanatetea mikanda ya dunia ya tagi mbele ya Toshiaki Kawada na Akira Taue. Utangazaji wote ni Kijapani na sielewi hata neno ila sijaona kama nimepungukiwa na kitu.

Cha kwanza mjue Kawada na Misawa wametoka shule moja ya sekondari, Misawa kamtangulia mwaka mmoja, akatangulia na kwenye kazi, akatangulia na kwenye ustaa, na Kawada miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kumlaza akahesabiwa mpaka tatu, si peke yake si kwenye tagi. Januari mwaka huohuo hawahawa wanne walipigana Osaka dakika 60 nzima ikaisha sare, wiki moja tu baada ya tetemeko la Kobe. Halafu Aprili teke la Kawada likamvunja Misawa mfupa wa jichoni. Kwahiyo humu ndani kuna visasi vya kutosha.

Kobashi kaingia na mguu mbovu, umefungwa bandeji, na Kawada na Taue hawana huruma hata chembe, wanaupiga teke, wanaukunja, wanaukanyaga, yeye anachechemea hivyohivyo na bado anapanda kamba za juu kurusha moonsault, ile sarakasi ya kujirusha kinyumenyume ukamwangukie mpinzani, na mguu huo!! Misawa naye jicho lake linatafutwa muda wote. Halafu Taue, ambaye watu wanamchukulia poa sana kwasababu mwili wake umekaa kama hautaki mazoezi, anamkaba Misawa koo pale pembeni nje ya kamba anamtupa mpaka chini sakafuni, na kuanzia hapo mechi imegeuka, Misawa harudi tena kuwa yuleyule.

Sasa kipande chenyewe. Misawa yuko chini hoi, Kawada na Taue wanamfuata wakammalize, Kobashi hawezi kupigana tena mguu umegoma, anachofanya anajilaza juu ya mwenzie, anamkumbatia, anapokea yeye kipigo. Wanamvuta, anarudi. Nimeangalia mieleka tangu mdogo na najua kabisa matokeo yanapangwa lakini hapo akili inagoma kabisa kukumbuka hilo.

Mwisho wanafanikiwa kumtoa, Kawada anampigilia Misawa pawabomu, yaani anamnyanyua juu na kumbwaga chini kwa mgongo, anamlalia, refa anapiga moja mbili tatu, mikanda imeondoka baada ya dakika 42 na sekunde 37 na ukumbi umelipuka.

Kuna watu wanasema ushindi mkubwa wa Kawada ni ule wa Tokyo Dome 1998 alipompiga Misawa wawili peke yao. Mimi nakataa. Ule ulikuja umechelewa, miili yao ilishachoka na unaona kabisa wanajikongoja. Huu wa 1995 alihitaji Taue amsaidie, ni kweli, lakini wote wanne walikuwa bado wana moto. Ukitaka kuielewa vizuri anza na ile sare ya Januari, chai iwe karibu maana ni ndefu.