Mkono wa kushoto uingie kwanza

Nikipiga simu nyumbani Tanga huniuliza, "Bado uko kwenye yale mazoezi ya viungo?" Siyo hayo. Mimi ni msaidizi wa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani tiba ya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, kama kuvaa na kupika, hapa Columbus, Ohio, Marekani. Nilisoma miaka 2, zikiwemo wiki 16 za kushinda na wagonjwa chini ya usimamizi, ndipo nikafanya mtihani na kupata leseni. Mtaalamu humpima mgonjwa na kupanga malengo. Mimi hukaa na mgonjwa siku baada ya siku hadi malengo yatimie, na kila tulichofanya nakiandika.

Majuzi nilikuwa na mama mmoja wa Bukavu. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kushoto. Tulianza na blauzi: mkono dhaifu huingia kwanza, na wakati wa kuvua hutoka mwisho. Siku ile ya kwanza tulitumia dakika 20. Nilikaa kushoto kwake, mikono yangu mapajani, kwa sababu ukimvalisha mtu nguo anayoweza kuivaa mwenyewe unamdhulumu. Kifungo cha tatu kilimponyoka mara nne. "Mwanangu, nisaidie," akasema. Nikamvutia upindo wa blauzi ukanyooka, kifungo nikamwachia.

Jikoni, mpango ulitaka abanike mkate. Hakuutazama hata. "Mimi napika bugali, mwanangu."

Sina ruhusa ya kubadili malengo. Nikarudi kwa mtaalamu, nikamwonyesha ugali unavyosongwa: mkono mmoja unashikilia sufuria isizunguke, mwingine unasukuma mwiko. Akaona pale pale kwamba mkono wa kushoto umepata kazi, akaandika lengo jipya. Tukaanzia mezani, unga na maji ya baridi, kitambaa kibichi chini ya sufuria isiteleze, mimi nyuma yake nimeshika mkanda wa kiunoni asije akaanguka.

Tangu Januari 2022 Medicare, bima ya serikali kwa wazee, hulipa asilimia 85 tu ya malipo ya kawaida kwa huduma za wagonjwa wa nje tunazotoa sisi wasaidizi. Inaniuma. Zile dakika 20 za blauzi ni dakika 20.

Wiki ya tano alisonga motoni. Vidole vya kushoto vilifumbata mpini wa sufuria, vikaachia, vikafumbata tena. Akabonyeza kwa mwiko, akatikisa kichwa.

"Bado ni laini. Ongeza unga."