Kitabu kilicholowa, friza ya samaki na ubishi wa Pasaka ya 1973

Nianze na ubishi, maana bila huo nisingekuwa na rafu ya vitabu hata leo. Ami yangu alikuwa fundi wa magari hapa Mombasa zaidi ya miaka thelathini, na katika ujana wake haikumpita Pasaka bila kwenda kusimama kando ya barabara kungoja magari ya Safari Rally, yale mashindano ya magari ya masafa marefu. Barazani kwetu, baada ya Isha, kahawa ikishamiminwa, ana jambo moja halimtoki: mwaka 1973 dereva Shekhar Mehta hakumwacha nyuma yule Mswidi, Harry Källström. Walitoka sare. Alama za adhabu, zile dereva anazoongezewa akichelewa na mwenye chache ndiye mshindi, sawasawa, hakuna aliyezidi.

Vijana huchomoa simu na kumwonyesha orodha ya washindi: 1973, Mehta, Datsun 240Z, basi. Ami huisukuma simu kando. "Hiyo inasema nani alishinda. Mimi nawaambia alishinda vipi. Nileteeni kitabu." Wao wakicheka, mimi moyo unaniuma. Mzee aliyeshika spana tangu Volkswagen za kobe zikishindana hastahili kuchekwa na mtoto asiyejua tofauti ya rejeta na betri.

Basi nikaapa kitabu nitakileta.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa niagize kipya kutoka Uingereza. Nilipopiga hesabu, nauli ya kukileta ilikuwa kubwa kuliko kitabu, na bado kuna ushuru. Mwingine akaniambia vitabu vya mitumba vina wadudu, vitanimalizia nguo kabatini. Nimenunua vitabu ishirini na kitu na nguo zangu zote ninazo. Safari nne nilizokwenda Nairobi kwa shughuli nyingine, kila mara nilijitengea nusu siku ya kuzunguka kwa wauzaji wanaotandaza vitabu kando ya njia. Mwanzoni nilikuwa nauliza, "Una vitabu vya historia ya mashindano ya magari?" Jibu: hakuna. Kumbe vipo, ila muuzaji akiona gari kwenye jalada anakitupa kwenye rundo la miongozo ya ufundi, katikati ya manuali za Toyota na Peugeot. Na vya mashindano ya matanga hukaa na vitabu vya uvuvi, au chini kabisa na atlasi. Nilipogundua hilo sikuuliza tena. Nachuchumaa, nafukua mwenyewe. Bei inategemea umevaa nini siku hiyo; vingi nimepata kwa mia tatu, mia nne.

Lakini si kila kitabu chenye picha nzuri nilikinunua, na hapa nataka kusema jambo ninaloliamini kabisa. Ami ndiye aliyenifundisha bila kujua. Historia ya mashindano inayokupa majina ya washindi peke yake haikupi kitu. Anayefika wa kwanza na anayeshinda huweza kuwa watu wawili, na katikati yao pamekaa kanuni. Kwa hiyo nina kipimo changu. Nikiokota kitabu naenda mwisho, kwenye faharasa, natafuta jambo moja au mawili ninayoyajua, halafu nasoma mwandishi ameyaelezaje.

Cha magari nakipima kwa Levassor. Mwaka 1895 Émile Levassor aliendesha gari la Panhard kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi, kilomita 1,178 hivi, saa 48 na dakika 48, usukani hakumwachia mtu. Aliwaacha wenzake kwa saa nyingi. Zawadi ya kwanza hakupewa! Kanuni zilitaka gari la watu wanne na lake lilikuwa la wawili, zawadi ikaenda kwa Koechlin aliyekuwa na Peugeot. Kitabu kikisema tu "Levassor alishinda" nakirudisha chini. Au natazama mashindano ya Le Mans, kule Ufaransa, ya 1966. Ford walitaka magari yao yavuke mstari pamoja yapigwe picha. Ken Miles, aliyekuwa akiongoza, akapunguza mwendo, kisha yeye na Denny Hulme wakahesabiwa wa pili, kwa kuwa gari la McLaren na Amon lilianza nyuma zaidi kwenye foleni ya kuondokea. Kama yamefika pamoja, basi gari la McLaren limekwenda masafa marefu zaidi. Mita kama ishirini katika mashindano ya saa 24. Mwandishi asiyelieleza hilo hana haja ya pesa zangu.

Cha matanga nakipima kwa mwaka 1851, skuna (jahazi la milingoti miwili) America ya Marekani ilipowashinda Waingereza kuzunguka kisiwa cha Wight. Wengine walipita nje ya meli ya taa ya Nab, iliyotia nanga kuongoza vyombo, kama ilivyokuwa ada, America ikakatiza ndani, kwa sababu maelekezo yaliyotolewa hayakuwa yanafanana. Malalamiko yakatupwa, kombe likaenda New York, likakaa huko miaka 132. Miaka 132 imeanzia kwenye karatasi iliyoandikwa vibaya na nahodha aliyejua kusoma upepo na maji! Babu yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi la kubeba boriti, angelielewa jambo hili kwa sentensi moja. Watu wa hapa ambao wametazama mashua za Lamu zikipiga bisha, yaani kwenda upandeupande dhidi ya upepo, kutafuta boya wanajua kwamba mashindano huamuliwa pale penye kona, nani amekaa upande wa upepo.

Nikiwa bado kwenye matanga, kipo kimoja nilichokipenda kuliko vyote, kuhusu mashindano ya 1968 ya kuzunguka dunia peke yako bila kutia nanga. Waliondoka tisa, akarudi mmoja, Robin Knox-Johnston, siku 312 baharini. Mashua yake, futi 32, iliundwa Bombay kwa mti wa msaji na jina lake ni Suhaili, jina alilolipata kwa mabaharia wa Kiarabu wa Ghuba, wao huuita hivyo upepo wa kusini-mashariki. Nilisoma jina hilo nikaweka kitabu magotini. Suheli! Neno tulilolisikia kwa wazee tangu utotoni, upande wa kusini. Tena pauni 5,000 alizoshinda akampa mjane wa Donald Crowhurst na watoto wake, yule mshindani aliyepotea baharini baada ya kudanganya mahali alipo. Ukurasa huo nimeusoma mara nne.

Sasa kile cha Safari. Nilikipata safari ya nne, jioni, muuzaji akianza kufunga turubai. Kinene, kizito, karatasi za kung'aa kama za magazeti ya harusi, mwaka hadi mwaka tangu 1953, mashindano yalipoanzishwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth na magari yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nikaenda moja kwa moja kwenye faharasa: dereva Nowicki yupo, na miaka yake yote miwili ya ushindi, 1963 na 1968, ambapo magari saba tu yalimaliza. Joginder Singh yupo, 1965, 1974, 1976. Sikufika 1973, giza liliingia na mwenye mali ana haraka. Tulivutana hadi elfu moja na kitu. Nikakitia kwenye boksi pamoja na vingine vitatu, kikiwemo kimoja kikubwa cha historia ya kombe lile la America, nikapanda basi la usiku.

Boksi liliwekwa kwenye buti. Ilikuwa masika. Mlango wa buti haukufunga sawasawa na mvua ilitupokea kuanzia Voi mpaka nyumbani. Asubuhi nilipoliinua boksi, sehemu ya chini ilibaki kwenye buti. Nilipolalamika niliambiwa mizigo ni juu ya mwenyewe.

Hapa ndipo kila mtu akawa bingwa. Jirani: anika juani. Shemeji: piga pasi. Kijana wa dukani: zika kwenye mchele kama simu. Mimi kwa pupa nikasikiliza. Jumapili saa nne nikakianika kile cha kombe la America juu ya paa, nimekifungua katikati, jua kali la kuchagua. Hadi alasiri jalada lilikuwa limejikunja kama ngozi ya mbuzi na kurasa zimeshikana. Nikaleta pasi. Nilipobandua ukurasa wa kwanza baada ya pasi, picha ilihama: tanga la jahazi likabaki upande huu na mlingoti upande wa pili. Kufika magharibi nilikuwa na tofali.

Nilichokuja kujifunza ni hiki, na natamani mtu angeniambia saa nne asubuhi. Karatasi inayong'aa imepakwa udongo laini mweupe juu. Ikilowa, ule mpako unakuwa uji. Ikikauka ikiwa imegusana na mwenzake, uji unageuka gundi. Maadamu bado ni mbichi, kurasa zinaachana. Zikishakauka pamoja, umekwisha. Kwa hiyo jua ndilo adui mkubwa, na vitabu vitatu vilivyobaki havikupaswa kukauka hata kidogo mpaka nipate nafasi ya kuvishughulikia kimoja kimoja. Wala haviwezi kukaa vibichi, kwa joto letu siku mbili tu koga inaota.

Dawa ni kugandisha. Na friza kubwa mtaani kwetu ni moja, ya mama anayeuza samaki. Nilimwendea baada ya Isha, vitabu nimevitia kwenye ndoo za plastiki zenye vifuniko vya kubana, kimoja kimoja nimekifunga kwa karatasi ya kuokea keki. "Shikamoo mama. Naomba nafasi kidogo chini ya nguru." Alinitazama, akatazama ndoo. "Mwanangu, hivi ni vitabu?" Nikamweleza habari ya Ami na 1973. Akasogeza samaki. Kila nikimkumbuka namwombea dua.

Usiku wa pili nikaanza kazi, na kazi hii naifahamu sasa kuliko mafundi wengi wa vitabu. Unatoa kitabu kimoja, unakiacha kiyeyuke kwenye sinia mpaka kurasa za juu zilegee, si kitabu kizima. Unaingiza kijiti cha mshakiki, nilikichonga kikawa bapa na kukisugua kwa msasa, kutokea kwenye kona ya chini, pole, huku umeinamisha kichwa kusikiliza. Ukurasa unaotaka kuachia hutoa sauti ya mlio mdogo kama wa busu. Usiotaka, uache, ongeza tone la maji, rudi baadaye. Kila ukibandua, unalaza karatasi ya kuokea katikati. Baada ya kurasa kama thelathini unafunga, unarudisha kwenye ndoo, ndoo inarudi kwa mama samaki. Feni inapuliza chumba, haielekei kitabu. Karatasi zile za kuokea za katikati nilizibadilisha asubuhi na jioni, na kila rundo lililokaribia kukauka nililaza kati ya mbao mbili na jeki ya chuma ya Ami juu yake, bila kumwambia ya nini. Karatasi za kuokea nilimaliza paketi sita au saba. Usiku tisa kwa kile cha Safari peke yake.

Usiku wa sita nikafika 1973. Mikono ilinitetemeka, sioni haya kusema. Kona ya chini ya ukurasa ilikataa kabisa na nikauacha mpaka kesho yake. Ulipoachia, aya ilikuwa nzima.

Nilimpelekea Ami kitabu kilipokauka, Ijumaa, barazani, wote wakiwepo. Macho yake hayasomi tena herufi ndogo, nikamsomea, nikiwafasiria kwa Kiswahili. Mehta na Källström walimaliza wakiwa na alama za adhabu sawa. Ikatumika kanuni ya kuamua sare: ushindi akapewa aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza, naye alikuwa Mehta. Ndio ushindi wake wa kwanza kati ya vitano. Vinne vingine alivipata mfululizo, 1979 hadi 1982.

Hakuna aliyecheka. Ami alishika ule ukurasa kwa vidole viwili, akaupapasa pale ulipofanya mawimbi. "Mbali zaidi akiwa safi," akasema. "Ndivyo tulivyoambiwa siku ile." Kisha akaniuliza jeki yake iko wapi.

Tangu siku hiyo, Ijumaa ni siku ya kusoma. Tumemaliza Safari, tumemaliza Knox-Johnston, na wiki iliyopita alitaka kusikia lile tofali. Nilimwambia limeharibika, akasema nilete hivyohivyo. Kurasa za mwanzo, ambazo maji hayakuzifikia sana, nimefanikiwa kuzifungua. Nikamsomea habari za Thomas Lipton, huyu huyu wa majani ya chai, aliyelitafuta lile kombe mara tano kati ya 1899 na 1930. Tukafika 1920, mashua yake Shamrock IV imeshinda mashindano mawili ya kwanza, inahitaji moja tu. Ukurasa unaofuata haufunguki.

"Akalichukua?" Ami akauliza.

Nikamwambia hapana, Wamarekani walirudi wakashinda matatu mfululizo.

"Umesoma wapi?"

Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwenye simu.

"Kitafute kingine," akasema, akanyoosha kikombe chake kiongezwe kahawa.