Mkono wa Kushoto wa Baba

Daktari alipaka jeli ya altrasaundi kwenye mkono wa kushoto wa baba, akaanza kuikagua mishipa kutokea kifundo cha mkono, akitafuta mahali pa kutengeneza njia ya kumuunganisha baba na mashine ya kusafisha damu. Hakufika mbali. Mshipa aliokuwa akiutafuta ulikuwa umekakamaa na kuziba, kwa sababu baba alipolazwa mara ya kwanza dripu zote ziliwekwa palepale, na kila ulipovimba walisogea juu kidogo. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa mgonjwa wa figo mishipa ni akiba. Jambo hilo linaniuma hadi leo, maana lilihitaji sentensi moja tu.

Baba alikuwa fundi cherehani, na presha ndiyo iliyommaliza figo. Tangu aanze kusafishwa damu alitegemea mpira uliopitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Mpira huo huokoa maisha siku ileile unapowekwa, lakini mwisho mmoja uko nje ya ngozi na mwingine karibu na moyo, kwa hiyo vijidudu vikipata upenyo vimeshafika kwenye damu. Mara moja alishikwa na homa ya kutetemeka akiwa kwenye mashine. Kuanzia hapo nikawa sitaki hata kuutazama ule mpira.

“Mzee, tutapanda juu, kwenye kiwiko,” daktari alisema, akachora mstari kwa kalamu ya wino. Wangependa kuanzia chini, ili siku njia ya chini ikifa, ya juu iwepo. Akatueleza kwamba mashine huvuta damu kama mililita 300 kwa dakika, na vena ya kawaida, yaani mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, haiwezi kutoa kiasi hicho. Ndiyo maana wanaikata vena na kuishonea ubavuni mwa ateri, mshipa unaotoa damu kwenye moyo: damu yenye nguvu inaingia, vena inatanuka, ukuta wake unakuwa mnene, nayo inastahimili sindano. Baadaye nilisoma kwamba njia hii ilitangazwa mwaka 1966 na Brescia, Cimino na wenzao, madaktari wa New York, walioiunganisha kwenye kifundo cha mkono. Kabla ya hapo wagonjwa walivaa vijibomba nje ya mkono, na viliziba mara kwa mara.

Upasuaji ulifanyika kwa ganzi, baba akiwa macho. Alipotoka hakuzungumzia maumivu. Alizungumzia uzi. Mtu aliyeshona maisha yake yote alikuwa ameulizia uzi huo, akaambiwa ni mwembamba kuliko unywele, na hilo alilisimulia kwa kila aliyekuja kumjulia hali.

Nesi akaniwekea vidole juu ya bandeji. Chini yake kulikuwa na mtetemo usiokatika. “Cherehani hiyo,” baba akasema. Tukaagizwa kuugusa asubuhi na jioni, na ukinyamaza tukimbilie hospitali, kwani damu itakuwa imeganda. Mkono ule haupimwi presha, hauchomwi dripu, hauvai saa ya kubana, wala haulaliwi. Kidonda kilipopona akawa anafinya kimpira akisikiliza redio.

Mshipa huo ulioshonwa ulichukua zaidi ya miezi miwili kukomaa. Hatimaye ukachomwa sindano mbili, moja ya kutoa damu na nyingine ya kuirudisha, na mashine ikazunguka mpaka mwisho bila kulia. Hawakuutoa mpira wa shingoni siku hiyo. Walitaka kwanza kuuona mkono ukifanya kazi tena na tena. Walipoutoa na kovu likafunga, baba aliomba ndoo mbili za maji, akaoga kuanzia kichwani.